Binti anasomea nyumba, baba anajenga bila kumuuliza

Mzazi mwenye mtoto daktari hana kazi ya kueleza. Mwenye mtoto mwalimu au mwanasheria naye hahitaji maneno mengi. Lakini mama mmoja wa Ilala, Dar es Salaam, amechoka kujibu swali lilelile kila anapokutana na ndugu kwenye misiba na harusi: “Hivi yule binti yako mkubwa bado anasoma? Anasomea nini vile?”

Mwanzoni alikuwa anajibu kwamba binti anasomea kuchora ramani za nyumba. Jibu hilo likamletea swali la pili, baya kuliko la kwanza. “Kuchora tu? Mpaka shahada ya pili?” Siku hizi anasema “usanifu majengo”, kisha anaulizia habari za watoto wa mwenzake.

Binti mwenyewe ana miaka 28. Alisoma shahada ya kwanza kwa miaka mitano, akafanya kazi miaka miwili kwenye ofisi ndogo ya michoro, kisha akarudi chuoni kwa shahada ya uzamili. Wenzake wa kidato cha sita waliochukua kozi za miaka mitatu wana watoto wanaokwenda chekechea. Yeye ana kompyuta iliyofungwa gundi pembeni na deni la mkopo wa elimu ya juu.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi mapema. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa msanifu majengo. Tanzania hapa, mpaka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na usajili huo unataka muda wa kazi chini ya mtu aliyekwisha kusajiliwa, kisha mtihani. Kwa hiyo siku ya mahafali, wakati familia imekodi Coaster na shangazi analia kwa furaha, mtoto anajua kwamba yuko katikati ya safari.

Na safari yenyewe si ya daftari na kalamu. Kazi ya mwanafunzi wa usanifu hubandikwa ukutani, walimu wakasimama mbele yake na darasa zima likisikiliza. Mwalimu anauliza: mtu wa kiti cha magurudumu anaingilia wapi hapa? Maji ya mvua yanakwenda wapi? Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji, anapitishwa mbele ya watu wanaokula? Maswali matatu tu, na kazi ya wiki sita inaanguka.

Mwaka wa pili alijikata kidole kwa wembe saa tisa usiku akitengeneza modeli ya zahanati kwa kadibodi. Mama aliposikia alimwambia arudi nyumbani aombe ualimu kama baba yake. Hakurudi. Asubuhi alipanda daladala na modeli hiyo mapajani, kidole kimefungwa kitambaa, konda akamwambia mbele ya abiria wote, “Dada, hiyo nyumba yako nayo inalipa nauli.” Akalipa viti viwili.

Shahada ya kwanza ililipwa kwa mkopo. Ya pili anajilipia. Usiku, akimaliza kazi za chuo, anatengeneza picha za nyumba kwa ajili ya watu wanaouza ramani kwa simu: nyumba nyeupe na kijivu, gari jekundu limeegeshwa mbele, majani ya kijani ambayo hayajawahi kuota Tegeta wala Mbagala, na paa halionekani. Wateja wanapenda paa la kuficha. Ukuta unapandishwa juu kuzunguka nyumba, mabati yanalazwa nyuma yake, na ukisimama barabarani unaona umbo la boksi, kama nyumba za kwenye filamu. Picha za namna hiyo ndizo zilizomlipia ada ya muhula wa kwanza.

Sasa tuje kwa baba.

Baba ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Kwa zaidi ya miaka 20 familia yake imepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili pale Ilala. Msomaji aliyekulia Dar anaijua nyumba hiyo bila kuchorewa: baraza mbele, mlango katikati, korido ndefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani, kwenye jiko, bomba, kamba za nguo na choo. Kila chumba au viwili vina familia yake. Binti alijifunza kusoma kwenye baraza ile, na alijifunza kunyamaza uani.

Kiwanja cha Chanika kilinunuliwa binti akiwa kidato cha pili. Kilikaa na mihogo miaka yote. Kiinua mgongo kilipotoka, baba hakumwambia mtu. Alichukua ramani kwenye simu ya mstaafu mwenzake, akatafuta fundi, akamwaga msingi. Binti alikuwa chuoni wakati huo, anaandika kazi kuhusu makazi ya watu wa kipato cha kawaida. Alipigiwa simu kuta zilipofika kwenye linta na fedha zilipokuwa zimebaki za kupaulia tu. “Mama,” baba alimwambia, maana ndivyo anavyomwita, “njoo Jumapili uone kwenu.”

Alikwenda. Fundi alimsalimia, “Karibu injinia.” Akazunguka nyumba mara mbili. Vyumba vinne, sebule, jiko la ndani, mita 14 kwa 12. Chumba cha wazazi kilikuwa upande wa magharibi, ukuta mzima unatazama jua la jioni. Nafasi za madirisha ziliachwa kubwa, lakini baba alikuwa amekwisha kulipia madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua mpaka mwisho nusu yake inabaki imezibwa na kioo. Na fundi alikuwa anasubiri tofali za kupandisha ukuta wa kuficha paa.

Hakuwa amechora yeye ramani ile. Lakini angeweza kuwa yeye. Gari jekundu tu ndilo lilikosekana.

Jumapili hiyo hakusema kitu. Alikula muhogo wa kuchoma na mafundi, akasifia kuta zilivyonyooka, na kweli zilikuwa zimenyooka.

Mzazi anaposikia kisa hiki atauliza: kwa nini baba hakumuuliza mtoto aliyemsomesha kazi hiyohiyo? Swali ni zuri, lakini jibu si dharau, kama binti alivyodhani kwa wiki kadhaa. Mtu aliyemfuta mtoto kamasi, akamfundisha jedwali la kuzidisha, hawezi kwa siku moja akapokea maelekezo yake kuhusu nondo na kokoto. Na kuna aibu nyingine, ya kimya zaidi. Baba alijua kwamba fedha ni kidogo. Alihofia kwamba binti akija na mambo ya chuo, nyumba itakuwa kubwa kuliko mfuko, naye atalazimika kumwambia mwanawe kwamba hana.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika barazani Ilala, jioni, mama akiwa anachambua mchele. Binti alikuja na michoro. Akaanza na mambo ya hewa, akaeleza kwamba nyumba ya zamani waliyokalia ina mengi ya kujifunza: kivuli cha baraza, korido inayovuta upepo kutoka mbele mpaka uani. Akasema Chanika nako kungeweza kuwa na uani.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mama, wewe uliondoka hapa ukaenda bweni, halafu hosteli. Mimi nimepanga foleni ya choo cha uani kwa miaka ishirini na mbili. Naomba usinijengee uani.”

Mama hakuinua uso kwenye ungo.

Jambo hilo lilimuuma binti kwa sababu utafiti wake wa uzamili unahusu nyumba hizohizo. Anazipima Ilala na Kariakoo, chumba kwa chumba, anachora nani analala wapi na nani anapika wapi, na anaandika joto la ndani na la nje kila saa kwa kipimajoto alichonunua mwenyewe. Kariakoo nyumba za aina hiyo zinaondoka mtaa baada ya mtaa, maghorofa yanapanda mahali pake, na hakuna anayejua itabaki ngapi watoto wa sasa wakikua. Walimu wake wameipenda kazi hiyo.

Basi wiki iliyofuata akampa baba sura ya kwanza aisome. Alitaka aone kwamba si ndoto. Baba aliisoma kama anavyosoma kila karatasi, kalamu nyekundu mkononi. Alirekebisha nukta na herufi kubwa. Ukurasa wa 19, penye aya ndefu kuhusu uani kuwa moyo wa nyumba na mahali pa ujirani, aliandika pembeni neno moja: “Choo?”

Binti aligeuza kurasa zote 31. Alikuwa ameandika juu ya upepo, kivuli, ususi wa nywele, sherehe, ngoma za unyago na kahawa ya jioni. Choo kimoja cha familia tano hakikuwa na hata sentensi. Naye ndiye aliyeamshwa saa kumi alfajiri, miaka yote ya shule ya msingi, ili awahi kuoga kabla ya wenye nyumba.

Sura ile imeandikwa upya. Sasa kuna jedwali la watu na vyoo, kuna maelezo ya wanawake kuhusu kutoka uani usiku, na kuna swali ambalo sasa ndilo linaongoza utafiti wote: mtu anayehama nyumba ya Kiswahili anakimbia nini, na anaacha nini ambacho angependa kwenda nacho? Walimu wanasema imekuwa kazi bora zaidi. Baba hajaambiwa kwamba alisaidia. Angejua, angeomba na sura ya pili.

Kuhusu Chanika, binti alibadili njia. Aliacha kumwambia baba habari za uzuri, akaleta hesabu.

Mzunguko wa nyumba ni mita 52. Kuficha paa kunahitaji kozi tatu za tofali juu ya linta, kuzunguka nyumba nzima. Tofali moja pamoja na saruji ya maungio linachukua kama sentimita 46. Baba hakusubiri amalize. Akasema, “Mia moja na kumi na tatu kwa kozi. Mara tatu, mia tatu thelathini na tisa.” Hapo bado saruji, mchanga, plasta ya ndani na nje, na mfereji wa kufichwa nyuma ya ukuta, ule ambao majani yakiuziba maji hayana pengine pa kwenda isipokuwa darini.

Binti akaendelea. Paa la kawaida lenye upenu wa sentimita 60 kila upande linafunika kama mita za mraba 200. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 10, ambayo masika si ya ajabu, ni lita ngapi?

“Elfu mbili,” baba akasema. “Toa zinazopotea.” Kimya. “Na Chanika bomba linatoka siku likitaka.”

Hapo ndipo binti alipomkumbusha soko la Kariakoo. Baba amelipita maisha yake yote, lakini hakuwa amewahi kuambiwa kwamba mapaa yake yale, yaliyokaa kama miavuli mikubwa ya zege, yalichorwa pia yakusanye maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi. Aliyelichora ni Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, na lilizinduliwa mwaka 1975. Baba alifikiri ni urembo tu. Alikaa kidogo, akaomba karatasi.

Walichokubaliana si kila kitu ambacho binti alitaka. Paa la kuficha limekufa. Kutakuwa na upenu, mifereji ya nje inayofikika kwa ngazi, na tangi kwenye kona ya jiko, likilipiwa kwa tofali ambazo hazitanunuliwa. Madirisha ya kusukuma yamebaki, kwa kuwa yalishalipiwa na muuzaji harudishi fedha. Uani haupo. Na chumba cha wazazi kimebaki magharibi, kwa sababu kuta zimeshasimama.

Hilo la mwisho linastahili maneno mawili kwa mzazi ambaye bado hajamwaga msingi. Huku kwetu karibu na ikweta, mchana jua linapita karibu na utosi, na upenu wa kawaida unatosha kukinga kuta za kaskazini na kusini. Lakini asubuhi na jioni jua linakuja chini, linapita chini ya upenu, linapiga ukuta wa mashariki na wa magharibi wazi. Tofali za saruji zinapokea joto hilo tangu saa tisa alasiri na kulitoa ndani taratibu wakati watu wanalala. Kugeuza nyumba kwenye karatasi, ili upande mrefu utazame kaskazini au kusini, hakugharimu hata mfuko mmoja wa saruji. Baada ya linta hakuna fedha inayoweza kuigeuza. Dawa aliyotoa binti ni baraza pana upande ule wa magharibi na miti miwili ya mwarobaini mbele yake. Baba alikubali baraza mara moja. Alisema ni pa kusomea gazeti. Mama alikuwa wa kwanza kucheka, maana baba ndiye aliyesema ameichoka nyumba ya Kiswahili.

Mama naye ana hofu yake, na si ya paa. Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 kupoteza maisha, alimpigia binti simu kabla hata ya kujua kama yuko salama darasani. Alitaka kujua kitu kimoja: mtu anayesomea kazi yake, jengo likianguka, anafungwa? Binti alimweleza kwamba msanifu hupanga jengo lenyewe, nafasi zake, mwanga, hewa na njia za watu. Mhandisi ndiye anayekokotoa nguzo na mihimili ibebe uzito. Mkadiriaji majenzi anahesabu gharama. Na fundi anajenga. Akakiri pia kwamba wote wanaweka saini. Mama alisikiliza, akasema, “Basi saini yako usimwazime mtu. Hata awe mjomba.” Tangu siku hiyo, akiongea naye kwa simu, humkumbusha saini kama wazazi wengine wanavyowakumbusha watoto dawa ya malaria.

Siku nyingine alimuuliza mambo ya ndoa na umri. Binti akamtolea mfano wa Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, aliyekwenda Ujerumani kujifunza useremala, akaishia kusoma usanifu Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha, akarudi kuwajengea watoto wa kijijini kwao shule ya matofali ya udongo, ikakamilika 2001, yenye bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ndiyo kubwa kuliko zote.

“Alimaliza chuo ana miaka mingapi?” mama akauliza.

“Thelathini na tisa.”

“Usinitishe.”

Hata hivyo binti hatamani tuzo, na hilo ndilo wazazi wake wote wawili hawajalielewa bado. Wenzake darasani wanazungumza juu ya ofisi za Posta na Masaki, wengine Dubai. Yeye anataka fremu moja, Chanika au Mbagala, jirani na duka la vifaa vya ujenzi. Amefanya hesabu. Karibu kila anayejenga huko ananunua saruji mifuko kumi leo na nondo tano mwezi ujao, na hakuna hata mmoja atakayekwenda mjini kumtafuta msanifu. Lakini akipita dukani na kukuta meza, mtu na kalamu, anaweza kulipa kiasi kidogo ili aulize mlango ukae wapi kabla ya kumwaga msingi. Anajua itabidi kwanza asajiliwe. Anajua pia kwamba mpaka hapo ataendelea kutengeneza zile picha za gari jekundu, ingawa siku hizi anawachorea wateja picha mbili, moja ina upenu, wachague. Wawili wamechagua yenye upenu.

“Na wewe utakula nini?” mama alimuuliza aliposikia habari za fremu.

Binti alikuwa ameshakwenda kuulizia moja, pale Chanika, hatua chache kutoka kwa muuza tofali wa baba yake. Mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Baba, aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya hasikilizi, aliuliza ni shilingi ngapi kwa mwezi, na ina upana gani.